Hadhira kama Nusu ya Kazi: Filamu ya Onyesho Mbashara la Muziki katika Ukumbi Mdogo, kwa Kurejelea Nakivale na Mbarara, Uganda

Ikisiri

Filamu ya onyesho mbashara humrekodi mwanamuziki akiwa mbele ya watu, bila wimbo kusimamishwa ili urudiwe. Makala haya yanaeleza jinsi filamu ya aina hiyo inavyotengenezwa katika ukumbi mdogo, na kwa nini katika ukumbi huo hadhira huwa nusu ya kazi inayorekodiwa. Mifano imetolewa Chicago, Los Angeles, Kinshasa na kambi za wakimbizi nchini Guinea. Kisha hoja inapimwa kwa mazingira ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Makala yanadai kwamba kinachoipa filamu hiyo thamani, yaani sura, sauti na majina ya waliohudhuria, ndicho kinachoweza kumhatarisha mtu aliyeikimbia nchi yake. Kwa kuwa sauti za ukumbi mdogo haziwezi kutenganishwa baada ya kurekodiwa, ridhaa, umiliki na hifadhi ya filamu havina budi kupangwa kabla ya kamera kuwashwa.

Maneno ya msingi: filamu ya onyesho mbashara, hadhira, wakimbizi, ridhaa, hakishiriki, Nakivale.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Wakazi wake wa leo wamepita 100,000, nao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Nakivale si kambi iliyozungushiwa uzio. Ni vijiji vyenye mashamba, masoko, makanisa, misikiti, mabanda ya video na vilabu vya pombe, vilivyogawanywa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Kiswahili kina kazi kubwa katika mchanganyiko huo. Mkongomani wa Kivu na Mrundi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hukutana kwacho, na mara nyingi ndicho lugha ya nyimbo zinazoimbwa mbele ya watu wa mataifa mbalimbali.

Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, ni mji mkuu wa biashara wa eneo hilo. Hapo pana chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989, barabara kuu ya kutoka Kampala kuelekea mipaka ya Rwanda na Kongo, umeme wa gridi, studio, na kumbi za starehe zinazokodisha vyombo vya muziki. Hivyo wanamuziki na wasikilizaji wao wa kwanza wako Nakivale, ilhali jukwaa, umeme na soko viko Mbarara. Anayetaka kutengeneza filamu ya onyesho la bendi ya wakimbizi hukabiliwa mapema na swali la wapi pa kuirekodi. Makala haya yanaonyesha kwamba swali hilo ni zaidi ya gharama na vifaa, kwa sababu kubadili ukumbi ni kubadili hadhira, na kubadili hadhira ni kubadili kazi yenyewe.

2.0 Filamu ya onyesho mbashara ni nini

Aina hii hutofautiana na video ya wimbo, ambayo mwanamuziki hufuatisha kwa midomo sauti iliyokwisha kurekodiwa studio. Vilevile hutofautiana na filamu ya hali halisi, ambayo hukatiza muziki ili kusimulia maisha ya wahusika. Katika filamu ya onyesho mbashara, wimbo huanza na kwisha mbele ya mtazamaji, na kosa likitokea linabaki kuwa sehemu ya tukio au wimbo mzima unaondolewa.

Filamu zilizoipa aina hii umaarufu katika muziki wa roki zilirekodiwa uwanjani. Monterey Pop ya mwaka 1968 na Woodstock ya mwaka 1970 zilihusu matamasha ya hadharani, na katika Woodstock umati wenyewe uligeuka kuwa habari. Filamu za klabu ndogo zilifuata njia nyingine. Ndani ya klabu hakuna umati wa kupigwa picha kutoka angani. Kuna watu kadhaa walioketi karibu na jukwaa kiasi kwamba mtazamaji anaweza kumtambua kila mmoja wao.

Katika makala haya, neno roki linatumika kwa maana pana ya muziki wa bendi ya magitaa ya umeme: gitaa la solo, la kati na la besi, dramu, kinanda na waimbaji. Kwa maana hiyo, bendi ya roki na bendi ya dansi ya Kikongo hutumia vyombo vile vile na kumpa fundi mitambo matatizo yale yale. Historia ya bendi za aina hiyo katika Afrika Mashariki ni historia ya watu waliohama. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kujulikana na Super Matimila. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapitia Uganda, akaijengea Orchestra Virunga jina jijini Nairobi. Bendi iliyoko Nakivale leo imo katika mkondo huo, japo wengi wa wanamuziki wake waliondoka kwao wakikimbia vita na wala hawakuwa wakitafuta soko.

3.0 Kwa nini ukumbi mdogo

3.1 Sauti na wakati

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Msikilizaji aliye mita 100 kutoka jukwaani husikia pigo la dramu likiwa limechelewa kwa karibu sekunde 0.3, na kofi lake hurudi jukwaani baada ya muda kama huo tena. Mpigaji dramu akilifuata kofi hilo, mwendo wa wimbo unaharibika. Ndiyo maana wanamuziki wa uwanjani hufundishwa kutoufuata umati. Katika ukumbi wenye urefu wa mita 10, ucheleweshaji huo ni wa takriban sekunde 0.03, muda mfupi kuliko picha moja ya filamu inayorekodiwa kwa picha 25 kwa sekunde. Kwa hiyo mwanamuziki na msikilizaji wamo ndani ya wakati mmoja. Kofi, kigelegele na kiitikio vinaweza kuingia katika mapigo ya wimbo kama chombo kingine cha bendi.

Mwanamuziki na mwanazuoni Christopher Small, katika kitabu chake Musicking cha mwaka 1998, alieleza kwamba muziki ni tendo linalofanywa na wote waliopo: mwimbaji, mchezaji, msikilizaji na hata anayekata tiketi mlangoni. Jadi za eneo hili zina ushahidi wake wa jambo hilo. Katika taarabu, msikilizaji huinuka kumtunza mwimbaji kwa fedha wakati ubeti uliomgusa unapoimbwa, na tendo hilo huwa kauli yake mbele ya kadamnasi. Katika muziki wa Kikongo kuna desturi ya libanga: mwimbaji hutaja majina ya wafadhili na waliohudhuria katikati ya wimbo, nao humlipa au humpa heshima. Onyesho lililorekodiwa bila mambo hayo huwa limerekodiwa nusu.

3.2 Mfano wa Chicago

Mfano ulio wazi wa filamu ya klabu ndogo ni onyesho la tarehe 22 Novemba 1981 katika Checkerboard Lounge, klabu ya mwanagitaa Buddy Guy upande wa kusini wa Chicago. Rolling Stones, waliokuwa katika ziara kubwa ya Marekani, walifika hapo usiku na kupanda jukwaani pamoja na Muddy Waters, ambaye jina la wimbo wake wa mwaka 1950 ndilo lililowapa jina la bendi. Watu waliozoea viwanja walijikuta wakibanana na meza za wateja.

Umuhimu wa mfano huo kwa Nakivale hautokani na umaarufu wa wahusika. Muddy Waters alihamia Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943, katika wimbi la Waamerika Weusi waliokuwa wakiondoka kusini. Vilabu vya upande wa kusini wa jiji vilikuwa kumbi za wahamiaji, zenye kelele zilizomlazimu mpiga gitaa kutumia umeme ili asikike. Gitaa la umeme ambalo baadaye lilikuwa uti wa mgongo wa roki lilipata sauti yake ndani ya kumbi hizo. Filamu ile, kwa hiyo, ni kumbukumbu ya ukumbi wa watu waliohama, pamoja na nyuso za watu hao. Ilitolewa rasmi mwaka 2012. Muddy Waters alikuwa amefariki mwaka 1983, na klabu haikuwapo tena mahali pale. Filamu ilidumu kuliko mwimbaji na kuliko jengo, jambo linaloonyesha thamani yake na vilevile linaloonyesha kwamba maamuzi ya usiku mmoja huwafunga watu kwa miaka mingi.

4.0 Namna filamu inavyotengenezwa

4.1 Picha na mwanga

Ukumbi mdogo hauhitaji kamera nyingi. Tatu hutosha: moja isiyosogea inayoona jukwaa lote, moja inayofuata uso na mikono ya wanamuziki, na moja inayogeukia hadhira. Kamera ya kwanza ndiyo kinga ya mhariri, kwa kuwa nyingine zikikosea ana mahali pa kurudi. Uganda hutumia umeme wa mzunguko wa mara 50 kwa sekunde. Kamera ikirekodi picha 25 kwa sekunde, huku kila picha ikipokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde, taa za kawaida za ukumbi hazitaonekana zikipepesa. Jenereta isiyo na mwendo thabiti huvuruga hesabu hiyo. Kwa sababu hiyo, kurekodi kwa taa zinazotumia betri za sola kunaweza kuwa salama zaidi pale ambapo gridi haijafika.

4.2 Sauti

Picha isiyo safi huvumiliwa na mtazamaji, lakini sauti mbovu humwondoa. Fundi mitambo hutenga njia ya kurekodi kwa kila kipaza sauti na kila chombo, kisha huongeza vipaza sauti viwili vinavyoelekezwa kwa hadhira. Njia moja ya sauti yenye ubora wa kitaalamu hujaza takriban megabaiti 520 kwa saa, hivyo njia 16 kwa saa mbili hazifiki gigabaiti 17. Kamera tatu zinazorekodi megabiti 100 kwa sekunde kwa muda huo huo hujaza gigabaiti 270. Sauti, basi, ni sehemu ndogo sana ya mzigo wa hifadhi, na hakuna sababu ya kiuchumi ya kuirekodi kwa njia mbili tu kutoka kwenye spika.

Ukumbi mdogo una tabia moja ambayo ndiyo kiini cha hoja ya makala haya. Sauti huvuja. Kipaza sauti cha mwimbaji hupokea dramu zilizo mita mbili nyuma yake na pia kicheko cha mtu aliyeketi mbele. Jina linalotamkwa na mwimbaji husikika katika kipaza sauti chake, katika vya dramu, na katika vile vya hadhira. Kwa hiyo fundi hawezi kulifuta neno moja kwa kufunga njia moja. Akitaka kuliondoa kwa hakika, itambidi aukate wimbo.

4.3 Kuoanisha picha na sauti

Kamera na mashine ya sauti hurekodi mbali mbali, na zinahitaji alama ya pamoja ili zioanishwe baadaye. Desturi ya zamani ni kugonga kibao mbele ya kamera zote kabla ya kila wimbo. Gharama ya kupuuza jambo hilo dogo ilionekana mwaka 1972, Aretha Franklin alipoimba kwa siku mbili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles. Kikosi cha mwongozaji Sydney Pollack hakikugonga vibao, picha na sauti hazikuweza kuoanishwa, na filamu ikawekwa kando. Teknolojia ya kidijitali iliwezesha kazi kukamilishwa miongo minne baadaye. Hata hivyo, mwaka 2015 mwimbaji mwenyewe alikwenda mahakamani kuzuia isionyeshwe, na haikufika kwa umma hadi baada ya kifo chake mwaka 2018, kwa makubaliano na familia. Tatizo la ufundi lilikuwa limeondoka, na la ridhaa lilikuwa limebaki.

5.0 Hatari inayotokana na thamani yenyewe

Katika filamu hiyo ya kanisani, mtazamaji humwona Mick Jagger amesimama nyuma miongoni mwa waumini. Uso wake umewafurahisha watazamaji na kuongeza mvuto wa filamu. Swali la Nakivale linaanzia hapo hapo. Kamera ya tatu, ile inayogeukia hadhira, inapomwonyesha mtu aliyekimbia nchi yake, mvuto na madhara vinaweza kuwa katika picha moja.

Mkimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1951, ni mtu mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Miongoni mwa waliohudhuria onyesho Nakivale anaweza kuwapo aliyeacha jeshi au kundi la waasi, mwanamke aliyemkimbia mume mwenye silaha, au mtu ambaye jamaa zake waliobaki nyumbani wataulizwa habari zake pindi atakapoonekana. Filamu ikipandishwa kwenye intaneti, huonekana Bukavu na Bujumbura siku hiyo hiyo. Kuuficha uso kwa ukungu wa kidijitali ni dawa ya kawaida katika uandishi wa habari, lakini katika aina hii ya filamu haitoshi kwa sababu mbili. Kwanza, huharibu kile ambacho filamu ilitengenezwa ili kukionyesha, kwani hadhira isiyo na nyuso hubaki kuwa pambo tu. Pili, libanga humtaja mtu kwa jina, pengine pamoja na kijiji au ukoo wake, na jina hilo, kama ilivyoelezwa, limeshavuja katika kila njia ya sauti.

Hali hiyo haimaanishi kwamba wakimbizi wasirekodiwe. Filamu ya Sierra Leone's Refugee All Stars ya mwaka 2005 iliihusu bendi iliyoundwa katika kambi za Guinea na watu waliokimbia vita vya Sierra Leone. Wanamuziki wale walitaka kujulikana. Filamu iliwafungulia ziara za kimataifa, na albamu yao ikatoka mwaka uliofuata. Kwao uso na jina vilikuwa mtaji. Kwa mtu aliyeingia kusikiliza nyimbo za kwao baada ya kazi ya shamba, uso na jina ni vitu vya kulindwa. Mtengenezaji anayeomba idhini moja kwa ajili ya wote wawili huwa hajatambua kwamba anarekodi pande mbili zenye maslahi tofauti.

Uchaguzi wa ukumbi nao unarudi hapa. Onyesho la Mbarara huwa na hadhira ya wenyeji, wanafunzi na wasafiri ambao wengi wao hawana cha kuogopa, na bendi hulipwa kwa tiketi. Gharama yake ni kwamba wanaoufahamu wimbo hawapo. Kiitikio hakiitikiwi, libanga halina wa kutajwa, na bendi hupiga kwa kuwaburudisha wageni. Onyesho la Nakivale lina yote hayo, pamoja na hatari yake. Filamu salama zaidi na filamu ya kweli zaidi hazirekodiwi mahali pamoja, na sera yoyote itakayobuniwa inapaswa kukiri mvutano huo.

6.0 Sheria na umiliki

Uganda ina misingi ya kisheria isiyo haba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi ya kufanya kazi na ya kusafiri ndani ya nchi kwa kufuata masharti ya kisheria, hivyo bendi ya Nakivale inaweza kupanda jukwaa la Mbarara kwa malipo. Ibara ya 14 ya Mkataba wa mwaka 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, inampa mkimbizi ulinzi wa kazi zake za sanaa sawa na anaopewa raia wa nchi anayoishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, pia ya mwaka 2006, inawatambua watendaji wa sanaa pamoja na watunzi. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaiweka ridhaa katikati ya ukusanyaji wa taarifa za mtu, na inaweka masharti ya pekee kwa taarifa za watoto, ambao kwa kawaida hawakosekani katika maonyesho ya Nakivale.

Pengo liko katika namna sheria inavyogawa haki za picha na sauti. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, katika Ibara ya 19, uliweka kanuni kwamba mtendaji akishakubali kuingizwa katika filamu, ulinzi wake chini ya Ibara ya 7 unakoma kwa filamu hiyo. Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika mwaka 2020, ulikusudiwa kuliziba pengo hilo kwa kuwapa watendaji wa filamu haki za kimaadili na za kiuchumi. Hata hivyo, nao unaziruhusu nchi kuziacha haki hizo zihamie kwa mtayarishaji kwa ridhaa ya mtendaji. Saini moja, basi, inaweza kuwa mwisho wa madai. Mpiga gitaa anayesaini karatasi ya lugha asiyoisoma, usiku wa onyesho, huku vyombo vikifungwa, anaweza kuwa ametoa yote.

Hasara nyingine ni filamu kufungiwa. Tamasha la Zaire 74, lililofanyika Kinshasa Septemba 1974, liliwakutanisha Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Miriam Makeba na wanamuziki wakubwa wa Marekani. Picha zake zilibaki ghalani, zikizongwa na migogoro ya umiliki na fedha, hadi filamu ya Soul Power ilipotoka mwaka 2008, Franco akiwa ameshafariki mwaka 1989. Kwa bendi ya wakimbizi, kungoja miaka 34 ni sawa na kupotea kabisa. Wanachama huhamishiwa nchi ya tatu mmoja mmoja, mwingine hurejea kwao, na bendi husambaratika bila ugomvi wowote. Filamu inaweza kuwa ushahidi pekee kwamba iliwahi kuwapo.

Ikumbukwe pia kwamba vibali vya ofisi havichukui nafasi ya ridhaa ya mtu. Watafiti na wanahabari huomba idhini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kabla ya kufanya kazi katika makazi, na Baraza la Vyombo vya Habari lina mamlaka ya kukagua filamu zinazoonyeshwa kwa umma. Idhini hizo zinamruhusu mtengenezaji kuingia na kuonyesha. Hazijibu swali la mtu aliyeketi safu ya pili kama anataka kuonekana.

7.0 Mapendekezo

Kwa kuwa yaliyorekodiwa ukumbini hayatenganishwi kirahisi baadaye, mapendekezo yafuatayo yanahusu hasa maandalizi.

Kwanza, ukumbi ugawanywe. Sehemu itakayoonekana iwekewe alama ya wazi kwa kamba au mwanga, na tangazo litolewe mlangoni na jukwaani kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankole. Anayetaka kuonekana akae ndani ya alama, asiyetaka akae nje yake bila kupoteza nafasi ya kuona jukwaa. Kamera ya hadhira iwekwe nyuma ya wasikilizaji. Migongo, mikono iliyoinuliwa na mabega yanayocheza hubeba uhai wa ukumbi, na nyuso zionekane kwa waliochagua tu.

Pili, kiongozi wa bendi na mtengenezaji wakubaliane kuhusu libanga. Majina yatakayotajwa yaorodheshwe na wenyewe waulizwe mapema. Libanga ni mapato, hivyo bendi inayozuiwa kutaja majina ifidiwe katika malipo ya onyesho. Sharti la usalama linalompunguzia mwanamuziki riziki bila fidia litavunjwa katika wimbo wa pili.

Tatu, ridhaa iwe ya hatua mbili. Baada ya uhariri wa awali, filamu irudishwe Nakivale na kuonyeshwa katika banda la video kabla ya kutolewa. Mabanda hayo ni taasisi inayofahamika kote Uganda, na watazamaji wake wamezoea filamu kusimamishwa na kufafanuliwa na msimulizi. Anayejiona na kubadili nia apewe siku za kutosha kuomba aondolewe. Pale jina lake linapokuwa limevuja katika sauti, wimbo mzima uondolewe.

Nne, mkataba uandikwe kwa lugha ambayo wanamuziki wanaisoma, na usainiwe kabla ya siku ya onyesho. Uainishe mgawo wa kila mwanamuziki, umtaje mwakilishi atakayepokea malipo endapo bendi itatawanyika, na uweke muda ambao ukipita bila filamu kutolewa, haki zinarudi kwa watendaji.

Tano, nakala kamili yenye njia zote za sauti ihifadhiwe mahali pawili: kwa wanamuziki wenyewe na katika chuo kikuu nchini Uganda, chini ya masharti ya ufikiaji yanayolinda waliohudhuria. Uganda ina funzo lake katika jambo hili. Sauti alizorekodi Klaus Wachsmann nchini humo kati ya miaka ya 1940 na 1950 zilihifadhiwa London, na nakala zake zilirudishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere baada ya nusu karne. Bendi ya Nakivale haipaswi kungoja muda huo ili nakala yake ibaki karibu na watu wake.

8.0 Hitimisho

Ukumbi mdogo humweka mwanamuziki na msikilizaji ndani ya wakati mmoja, na filamu nzuri ya ukumbi huo huwarekodi wote wawili. Mifano iliyojadiliwa inaonyesha kwamba filamu za namna hii hukwama au hudhuru pale maamuzi yalipoahirishwa: kibao kisichogongwa, umiliki usioafikiwa, ridhaa isiyoombwa. Katika Nakivale maamuzi hayo yana uzito zaidi, kwa sababu anayeonekana katika picha anaweza kuwa na mtu anayemtafuta. Watunga sera wanaotaka kukuza sanaa za wakimbizi kama chanzo cha riziki wana sababu ya kugharimia kamera na vyombo. Wagharimie pia siku chache zinazotangulia onyesho, ambazo ndani yake mwanamuziki husoma mkataba wake na msikilizaji huchagua mahali pa kukaa.